Siku Niliyomjazia Mayu Nkwimba Kiko

Ningekuwa natunga, ningetunga kisa ambacho mwisho wake ninapata kitu. Humu sikupata kitu. Nilipoteza ngozi ya kidole gumba, nikapoteza usingizi wa siku nyingi, na hata sasa ninavyokuandikia nimechoka uchovu ambao kulala hakuumalizi. Kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyetoka kupalilia pamba tangu asubuhi. Mtu wa namna hiyo hana nguvu za kuongeza chumvi.

Halafu ujue kwamba haikuwa usiku. Kila ninayemsimulia ananiuliza, ilikuwa saa ngapi za usiku? Ilikuwa saa tisa mchana, mnadani Mwamapalala, jua la mwezi wa tisa, ng'ombe wanalia, na kipaza sauti kinatangaza dawa ya minyoo. Watu walikuwepo wengi tu. Mmoja wao hata alitania.

Nianze na viko vyenyewe.

Mimi naishi Bariadi kwa shangazi yangu, dada yake baba. Shule niliishia kidato cha pili. Ninauza hiki na kile sokoni, na nina ndoto zangu. Nataka kufungua hoteli ya chakula pale Nyalikungu. Ukubwa wa meza naujua, rangi ya ukuta nimeshaichagua, kijani cha embe bichi, na jina nimeliandika kwenye daftari. Shangazi akitaka kunicheka ananiita mama hoteli, nami naitika, maana sioni ubaya.

Pale sokoni yupo kijana anaitwa Doto, analeta mali ya rejekti kutoka Mwanza. Rejekti ni vitu ambavyo kiwanda chenyewe kimevikataa: vikombe vyenye mkono uliopinda, sahani zenye maua ya nusu, ndala zote mbili za mguu wa kushoto. Siku moja ndani ya boksi la vikombe tukakuta viko saba. Viko vya kuvutia tumbaku, vya mbao nzuri nyekundu, vya kutoka nje. Pale panapoandikwa jina la kiwanda palikuwa pamesuguliwa kwa msasa, kama mzazi anayemkana mtoto.

"Chukua vyote, dada," Doto akaniambia. "Nakupa kwa bei ya kikombe kimoja."

"Kwani vina ugonjwa gani?"

"Havina ugonjwa, vina sura mbaya tu. Na mimi je? Mbona nimeoa?"

Nilivigeuza kimoja kimoja. Kimoja mrija wake ulikaa upande. Kingine rangi haikushika vizuri. Karibu vyote vilikuwa na vishimo vidogo kwenye mbao, vimezibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao na kupakwa rangi juu. Na kimoja, ambacho kwa umbo kilikuwa kizuri kuliko vyote, kilikuwa na kishimo kikubwa karibu na ukingo, kimezibwa kwa gundi ya kahawia, duara kabisa, kama jicho lililofumba.

Niliponunua, sokoni walinicheka. Nani anavuta kiko siku hizi? Lakini mimi nimelelewa Mkula kwa guku wangu, yaani babu mzaa baba, mpaka darasa la nne, na ninawajua wazee. Wanakitaka kiko. Wasichokitaka ni kiko kipya. Kiko kipya kinaunguza ulimi, kinanuka rangi, na moto unakula mbao. Kinatakiwa kwanza kipate ukoko. Ukoko ule ule unaoujua wa sufuria ya wali, ila huu ni mweusi, unajijenga ndani ya bakuli la kiko taratibu, na ukishajijenga ndio moshi unakuwa mtamu. Wazee hawana subira ya kukikomaza kiko. Nikasema, basi nitavikomaza mimi, nivipeleke mnadani vikiwa tayari. Umeona akili hiyo? Niliiona hoteli yangu imesimama.

Namna ya kukomaza niliiona kwa guku. Unapaka asali kidogo ndani ya bakuli kwa kidole. Unaweka tumbaku chini tu, theluthi, unawasha, unavuta polepole kama mtu anayeonja uji wa moto. Kikianza kuwa cha moto mkononi, unazima. Unakiacha kipoe mpaka kesho. Kesho tena theluthi, na kesho kutwa tena. Siku tisa. Ukijaza mapema, kinapasuka.

Na kuna kitu kingine nilikiona kwa guku. Akikaa mlangoni jioni na kiko chake, kabla ya kuwasha alikuwa anataja jina la mtu. Leo anataja huyu, kesho yule. Wote walikuwa watu waliokwisha kufa. Mimi mtoto nilidhani hiyo ndiyo namna ya kuwasha, kwamba kiko bila jina hakishiki moto. Nilidhani anawataja wafu kwa sababu wafu hawawezi kuja kudai kiko. Usinicheke. Nilikuwa na miaka saba.

Basi na mimi nikavipa majina. Kilichopinda mrija nikakiita Mzee Holo, maana shingo yake ilikuwa hivyo hivyo. Chenye mabaka nikakiita Mzee Limbu. Vyote saba nikavipa watu wa Mkula waliokufa, ninaowakumbuka kwa wema. Na kile chenye jicho nikakiita Mayu Nkwimba.

Mayu Nkwimba, yaani Mama Nkwimba, alikuwa jirani yetu. Jicho lake moja lilifumba tangu utoto wake. Alikuwa anavuta kiko kuliko wanaume, na alikuwa ananiwekea kiazi jivuni kila nikitoka shule, halafu ananigombeza kwa kuchelewa kukila. Hakuzaa. Alipokufa nilikuwa darasa la tatu, nikaenda kwenye mazishi, kando ya majaruba ya mpunga, nimeshika nguo ya guku. Mvua iliyofuata nyumba yake ilianguka, na pale palipokuwa nyumba pakalimwa pamba.

Kila jioni nikirudi sokoni nakaa uani kwa shangazi. Nawasha cha kwanza, namwita mwenyewe: "Mzee Holo, karibu." Navuta pafu tatu, nne, nazima. "Mzee Limbu, karibu." Nazima. Nikifika kwa chenye jicho nilikuwa nasema, "Mayu Nkwimba, njoo uvute," kwa sauti ile ile aliyokuwa ananiitia kiazi. Pafu nne. Nazima.

Shangazi alikuwa ananiangalia kutoka jikoni. "Nani atamwoa mwanamke anayenuka kama guku wake?"

"Atanioa mteja, shangazi."

Siku ya tatu asubuhi niliamka miguu inauma. Niseme nini, hayakuwa maumivu ya ugonjwa. Ilikuwa miguu ya mtu aliyetembea. Siku ya tano nyayo zilikuwa zimepasuka. Nilienda zahanati nikapimwa malaria, hamna, nikapewa dawa za maumivu. Siku ya sita nilikuwa napima nyanya za mteja nikasinzia nimesimama. Siku ya saba shangazi aliingia kunipa maji, akafunua shuka.

"Unatoka usiku unaenda wapi?"

"Sitoki, shangazi."

"Na hii nini?"

Miguu yangu ilikuwa na tope. Tope jeusi, zito, la majaruba ya mpunga, limeingia mpaka kati ya vidole. Na wewe unaijua Bariadi mwezi wa tisa. Tope la nini? Shangazi aliamua kuna mwanaume, akalala mlangoni kwangu usiku uliofuata, kitanda chake kimeziba njia. Asubuhi tope likawepo vile vile, na yeye hakuona mtu akitoka. Kutoka hapo alianza kusali akiniangalia.

Ningeacha? Nilikuwa nimebakiza siku moja viko vikomae. Nilijiambia ni uchovu wa biashara, utaisha nikiuza. Siku ya tisa niliwasha vyote saba, nikawaita wote saba, nikazima, na kesho yake nikapanda lori la wafanyabiashara kwenda mnadani.

Mwamapalala nilitandika gunia karibu na kijana mmoja tunayejuana, Shija, anayeuza kamba za ng'ombe. Nilikaa juu ya debe, maana kusimama nilikuwa sijiwezi. Wazee walikuja. Walivuta viko bila moto, wakanusa ndani, wakaingiza kidole kupapasa ukoko.

"Nani kakikomaza hiki?" mmoja akauliza.

"Mimi, guku."

"Wewe? Mapafu yako hayo ya kuku?"

Walicheka, lakini walinunua. Mpaka saa nane vimeondoka vitano. Mzee mmoja mrefu, anaitwa Mzee Mabula, alikishika kile chenye jicho muda mrefu, akasema, "Hiki niwekee. Naenda kuuza ndume wangu, nikitoka huko nakuja kukichukua. Akija mwingine mwambie kina mwenyewe." Nikamwekea pembeni.

Saa tisa, Shija akaniambia, "Mama hoteli, bibi yako anakuja."

"Bibi zangu wote walishakufa."

"Basi ni shangazi. Yule pale, wa kitenge cha bluu. Mwendo huo ni wa kwenu, usinifiche. Angalia anavyoutupa mguu wa kushoto, kama anafukuza kuku."

Ni kweli mimi nautupa mguu wa kushoto. Nilianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe nikiwa na miaka sita, ukaungwa vibaya. Lakini hakuna mwingine kwetu anayetembea hivyo. Nikataka kusimama nimwone huyo mtu.

Miguu haikuwepo.

Naomba unielewe hapa. Sisemi ilikufa ganzi. Ganzi naijua, ina wadudu wake. Hii ilikuwa nimekaa juu ya debe na chini ya kiuno pamekwisha. Nilishika goti kwa mkono, mkono ukaliona goti, goti halikuuona mkono. Na kati ya ng'ombe na watu, bibi yule alikuwa anakuja, anautupa mguu wa kushoto, anaupumzisha, anautupa. Mtu aliyechoka sana. Shija alikuwa ameshaitwa na mteja, kaondoka na kamba begani.

Bibi akafika, akakaa juu ya rundo la kamba za Shija. Alipokaa tu, miguu yangu ilinirudia yote kwa mara moja, na joto lake, na vumbi lake, na maumivu ya safari nzima. Nilipiga kelele kidogo. Hakuna aliyegeuka, mnadani watu wanapiga kelele.

Nyayo zake zilikuwa na tope bichi jeusi. Jicho lake moja lilikuwa limefumba.

"Mwadila, ng'wana wane," akasema. Ilikuwa salamu yetu, na ng'wana wane ndivyo alivyokuwa akiniita, mwanangu.

"Mwadila, mayu."

Unashangaa kwamba niliitika? Umefundishwa salamu tangu unanyonya, utaacha kuitika? Mdomo uliitika wenyewe.

"Umenichosha," akasema.

Nilijishikilia kwenye debe.

"Jioni ya kwanza nimesikia jina langu, nikasema wamekosea. Nani wa kuniita mimi? Jioni ya pili nikasikia tena, nikasema hapana, huyu ananijua. Nikaondoka. Nafika mlangoni kwenu, umeshazima. Nimenusa moshi tu. Nikageuka. Sijapumzika hata kidogo, unaita. Nikaja. Umezima. Nikageuka. Wewe mtoto, mchezo gani huo?"

"Mayu, nilikuwa nakikomaza kiko. Kikijazwa mapema kinapasuka."

"Sasa uliniitia nini kama hukuwa na cha kunipa?"

Nilimwuliza kitu kingine, kwa woga, kwa sauti ambayo sijui kama ilitoka: "Mbona unatembea kwa miguu yangu?"

Alinitazama kwa jicho lake moja, bila hasira. Hilo ndilo lililonivunja, kwamba hakuwa na hasira.

"Ulitaka nije kwa ya nani? Yangu ilikwisha. Wenye watoto wanakwenda kwa watoto wao. Mimi nimetumia ya aliyeniita. Nayo ni mibovu, huu wa kushoto hauna adabu."

Nikamwambia basi, mayu, nisamehe, sitakuita tena. Akatikisa kichwa.

"Umeshaita. Nimeshatoka. Siwezi kulala pale tena kabla sijapata nilichoitiwa, na nitakuwa nakuja tu, uite usiite. Nijazie. Mpaka juu. Na safari hii usizime mpaka kiishe."

Ndugu msomaji, niliyaelewa maneno hayo kwa miguu kabla ya kuyaelewa kwa kichwa. Kila siku Mkula, kila siku Bariadi, kwa miguu hii. Nani atasimama hotelini? Nani ataamka? Ningeisha kama sabuni. Na tena, niseme ukweli wangu, nilimwonea huruma. Miaka yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyemwita, na siku alipoitwa akaitwa na mimi, mtu wa kuzima.

Nilichukua kile kiko chenye jicho. Nilijaza tumbaku mpaka ukingoni, nikashindilia kwa kidole. Nikamnyooshea.

"Pumzi ninayo wapi?" akasema. "Vuta wewe. Mimi nitakula moshi."

Nikawasha, nikasema jina lake, nikavuta, nikautoa moshi upande wake. Akafumba na lile jicho jingine, akanusa kwa kifua chote. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa ndoo. Nikavuta tena. Nilivuta hivyo sijui mara ngapi, kichwa kinazunguka, mate machungu, kipaza sauti kinatangaza minyoo.

Ndipo Mzee Mabula akatokea, fimbo mkononi, ndume ameshauzwa.

"We binti! Hicho si kiko changu unachovuta?"

Sikuweza kujibu. Ningetoa mdomo kingezimika.

"Nimekwambia uniwekee, wewe unaniwekea mdomoni? Sasa nitakinunua na mate yako?"

Nikamtolea macho ya kumwomba, nikavuta. Wakati huo huo nikasikia mlio, tik, kama punje ya bisi. Mimi nilikuwa nimekikomaza kiko kile chini tu, theluthi, siku zote tisa. Huku juu, kwenye ile gundi ya kahawia, moto haukuwahi kufika hata siku moja. Sasa ulifika. Gundi ikavimba, ikaruka, na jicho la kiko likafumbuka. Ndani yake kaa likawa linaniangalia, jekundu.

Kiko chenye tundu hakivutiki, hewa inapitia ubavuni. Kaa likaanza kufifia. Mayu Nkwimba akafumbua jicho, akaliangalia tundu, akaniangalia mimi. Alianza kujikusanya kuinuka, kama mtu aliyezoea, na mara nikasikia magoti yangu yananitoka.

Nikaziba tundu kwa kidole gumba.

Sitakueleza maumivu yake, kila mtu ameshaungua. Nitakwambia tu kwamba niliziba, nikavuta, kaa likarudi, na yeye akakaa. Machozi yalikuwa yanatoka yenyewe. Harufu ya nyama niliisikia na nilijua ni yangu. Nilimwona Mzee Mabula anamwangalia bibi, anaangalia zile nyayo za tope, kisha akavua kofia yake. Akasema polepole, "Mwadila, mayu." Bibi akaitika. Basi mzee akageuka, akasimama kutupa mgongo, fimbo yake mbele, na kila mteja aliyekuja alimfukuza: "Pita huko, hapa pana mtu anakula."

Kiko kikaisha. Nilijua kimeisha maana mdomoni palikuja ladha ya jivu tupu. Nikatoa kidole. Ngozi ilibaki kwenye mbao.

Mayu Nkwimba alishusha pumzi ndefu, yeye asiye na pumzi. "Wabeja," akashukuru. "Wabeja, ng'wana wane." Kisha akaiangalia njia, na mimi nikaona alivyokuwa mbali na kwake.

"Niazime mara moja tu," akasema. "Ya kurudia."

Ungesema nini wewe? Nilimwambia chukua, mayu. Akasimama, na mimi nikaisha kiunoni. Akaondoka katikati ya ng'ombe, anautupa mguu wa kushoto, anaupumzisha, anautupa. Nilimwangalia mpaka alipopotea kwenye vumbi. Nilikuwa nimekaa juu ya debe, nikijiona ninavyoondoka.

Shija aliporudi alikuta sisimami. Walinibeba yeye na Mzee Mabula mpaka kwenye lori. Mzee aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliita wangapi?"

"Saba."

"Hao wengine wana wajukuu wenye majina yao?"

Nikawafikiria mmoja mmoja. Wote walikuwa nao. Wengine nilisoma nao.

"Basi wanaitwa kila siku, wana pa kukaa. Shukuru," akasema. Halafu akanunua kiko kilichobaki, lakini kwanza akataka kujua nilikuwa namwita nani. Nikamwambia ni Mzee Limbu. "Huyo namfahamu," akasema. "Alikuwa mbishi, lakini tutasikilizana."

Usiku huo shangazi alinilaza mwenyewe, akanifunga kidole kwa kitambaa, akakaa kitandani kwangu akiimba nyimbo za kanisani. Miguu ilirudi alfajiri, tope mpaka kwenye vifundo. Shangazi aliiosha kwenye beseni bila kuuliza. Ilikuwa mara ya mwisho kuwa na tope.

Huu ni mwaka wa pili. Kidole kilipona lakini hakina mistari, ni laini kama kijiko. Nilipokwenda kusajili laini ya simu, dada wa pale aliniwekesha kidole mara tano, mashine ikakataa, akaniuliza, "Wewe huna alama?" Tukatumia kidole kingine. Miguu ninayo, natembea, lakini kila ikifika alasiri inalegea, na lazima nikae popote nilipo. Hoteli bado. Nimeanza na chapati, nauza nimekaa. Doto aliniletea boksi jingine la viko, vizuri kuliko vile, nikamwambia peleka Maswa.

Kile chenye tundu ninacho, kimefungwa kwenye kopo. Na nikuambie kitu ambacho shangazi hakijui. Kuna jioni nakaa uani, nasikia jirani anamwita mtoto wake aje kula, na jina la Mayu Nkwimba linanijia mdomoni kwa huruma tu. Nalimeza. Nalimeza kwa sababu najua atakuja, na najua atakuja na nini.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwasha kiko, au chochote kile unachokiwasha, washa kimya. Na kama moyo umekuzidi na lazima umwite mtu, tazama kwanza una muda gani. Kaa chini, jaza mpaka juu, na usizime. Huyo unayemwita huenda anatoka mbali, na huenda hana miguu mingine zaidi ya yako.